Kusafiri na familia kwa gari katika nchi ya mababu: mwongozo wa hatua kwa hatua

Safari ya kwenda nchi ya mababu hutofautiana na likizo ya kawaida kwa jambo moja la msingi: mahali penye maana kubwa kuliko pote huenda pakawa ni uwanja mtupu, daraja lisilo na jina, au nyumba ambayo watu wengine wamekwisha kuishi ndani yake kwa vizazi viwili au vitatu. Vitabu vya watalii havikuelekezi huko, na mara nyingi hata mabasi hayafiki. Hapo ndipo gari linapofaa, na linafaa kwa sababu linaweza kusimama popote, wala si kwa sababu linafika mbali. Mwongozo huu umejengwa juu ya msimamo huo: vituo viwe vichache, muda wa kukaa katika kila kituo uwe mrefu, na sehemu kubwa ya kazi ifanyike nyumbani, miezi kadhaa kabla ya kuwasha injini.

Hatua ya 1: Wazee kwanza, ramani baadaye

Kabla ya kufungua ramani yoyote, kaa na watu wazima zaidi katika familia, mmoja baada ya mwingine. Wakikaa pamoja, mwenye sauti kubwa hugeuka kuwa msimulizi na wengine hubaki kuitikia, ilhali pengine yule aliyenyamaza ndiye anayelikumbuka jina la mto. Omba ruhusa ya kurekodi sauti, na ukishapewa, usikatize maelezo kwa ajili ya kusahihisha tarehe, kwa kuwa tarehe zinaweza kutafutwa baadaye kwenye nyaraka lakini mtiririko wa kumbukumbu ukikatika ni vigumu kuurudisha.

Swali la "sisi tunatoka wapi?" huleta jibu lile lile ambalo kila mtu amelisikia tangu utotoni, yaani jina la nchi au la mji mkubwa uliokuwa karibu. Uliza badala yake mambo yanayoacha alama ardhini. Maji yalichotwa wapi, na njia ya kwenda huko ilipanda au ilishuka? Sokoni walikwenda kwa miguu au kwa chombo, na waliondoka saa ngapi ili wawahi? Nyumba ya ibada ilikuwa upande gani, na mtu akisimama mlangoni pake aliona nini mbele yake? Waliofariki walizikwa wapi? Siku ya kuondoka, walipanda treni katika kituo gani au meli katika bandari gani? Majibu matatu ya namna hii yanaweza kulipunguza eneo la kutafuta kutoka mkoa mzima hadi bonde moja. Mpe mzee karatasi na kalamu achore anavyopakumbuka. Umbali utakosewa, lakini mpangilio wa mto, kilima na barabara utakusaidia sana mtakapofika.

Ndugu wawili wakitofautiana, andika masimulizi yote mawili pamoja na jina la msimulizi, wala usiwalazimishe kupatana. Uliza pia, kwa upole na faraghani, ni jambo gani lisilofaa kutajwa huko mwendako. Karibu kila ukoo una ugomvi wa shamba, ndoa iliyokataliwa, au mtu aliyeondoka bila kuaga, na ni afadhali kulijua jambo hilo ukiwa nyumbani kuliko kulisikia mbele ya wenyeji wako.

Hatua ya 2: Tafuta jina la kijiji

Nyaraka huanza kusaidia pale unapokijua kijiji, parokia, wilaya au shamba. Jifunze kwanza nchi husika ilianza lini kusajili vizazi, ndoa na vifo, kwa sababu tarehe hiyo ndiyo itakayokuambia kama utafute ofisi ya serikali au kitabu cha kanisa. Ufaransa ilianza usajili wa kiraia mwaka 1792, England na Wales mwaka 1837, Scotland mwaka 1855, Ireland mwaka 1864 kwa watu wa madhehebu yote, na dola yote ya Ujerumani mwaka 1876. Kwa miaka iliyotangulia, tegemeo kubwa ni vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi, ambavyo leo mara nyingi havipo tena kanisani bali vimehamishiwa kwenye hifadhi ya nyaraka ya jimbo au ya taifa. Familia inaweza kuendesha gari kutwa nzima hadi kanisa la kijijini, kumbe kitabu inachokitaka kimo katika mji ule ule ilikoshukia ndege. Uliza kwa barua pepe kabla ya kupanga njia.

Mapengo katika kumbukumbu nayo yana historia yake. Nchini Ireland, moto wa tarehe 30 Juni 1922 katika majengo ya mahakama ya Four Courts mjini Dublin, kulikokuwa na hifadhi ya nyaraka, uliteketeza sehemu kubwa ya kumbukumbu za karne nyingi, na sensa za 1861 hadi 1891 zilikuwa zimekwisha kuharibiwa kwa amri ya serikali, ndiyo maana sensa kamili za zamani zaidi zilizobaki ni za mwaka 1901 na 1911, ambazo Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa imeziweka mtandaoni bila malipo. Nchini Marekani, sensa ya mwaka 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina, kama raia wengine, watu waliokuwa wamekombolewa kutoka utumwani. Kwa miaka ya kabla ya hapo, familia inayorudi katika kaunti za Kusini hulazimika kufuata hati za mirathi, mauzo na mikopo za waliowamiliki mababu zao, na hati hizo nyingi zimo katika mahakama za kaunti. Safari ya aina hiyo hupangwa kwa kufuata siku na saa za kazi za mahakama, na mandhari hufuata baadaye.

Orodha za abiria wa meli ni hazina inayosahauliwa. Kuanzia mwaka 1907, fomu za wahamiaji walioingia Marekani zilidai jina na anwani ya ndugu wa karibu aliyebaki katika nchi aliyotoka msafiri, na mstari huo mmoja unaweza kukupa kijiji. Hapa inafaa kuiweka kando hadithi inayosimuliwa katika familia nyingi, kwamba afisa wa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji katika bandari ya New York, ndiye aliyembadilishia babu jina. Maafisa wa kituo hicho, kilichofanya kazi kuanzia 1892 hadi 1954, walitumia orodha zilizokwisha kuandikwa katika bandari za kuondokea. Majina mengi yaliyobadilika yalibadilishwa baadaye na wenyewe walipokuwa wakiyazoea maisha mapya. Kwa hiyo tafuta kwa tahajia ya kule walikotoka, si kwa tahajia mnayoitumia leo.

Wakati mwingine jina la ukoo lenyewe ndilo anwani. Nchini Norway, kabla ya sheria ya mwaka 1923 iliyotaka kila familia iwe na jina moja la kudumu, wakulima wengi walitambulishwa kwa jina la baba likifuatiwa na jina la shamba walikoishi, na mtu akihamia shamba jingine, jina nalo lilibadilika. Wajukuu wao waliozaliwa ng'ambo wanaweza kulikuta jina lao kwenye ramani, limeandikwa kando ya barabara. Ireland nayo imegawanywa katika vitongoji zaidi ya 60,000, na majina mengi yanajirudia. Usiridhike na jina la kitongoji mpaka uwe na parokia na kaunti yake.

Tovuti ya FamilySearch, inayoendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, hutoa bila malipo picha na faharasa za nyaraka kutoka nchi nyingi, na ni mahali pazuri pa kuanzia. Fahamu pia kwamba nyaraka za karibuni hufungwa ili kulinda faragha: huko Scotland, kwa mfano, picha za vyeti hazionekani mtandaoni mpaka ipite miaka 100 kwa vizazi, 75 kwa ndoa na 50 kwa vifo.

Hatua ya 3: Hakikisha mahali hapo bado papo

Mipaka huhama na majina hubadilishwa. Mtu aliyezaliwa Breslau, Ujerumani, mwaka 1930 alizaliwa katika mji ambao tangu 1945 umekuwa Wrocław, Poland. Mapatano ya mwaka 1923 kati ya Ugiriki na Uturuki yaliwahamisha kwa lazima watu zaidi ya milioni moja, na kijiji cha Kayaköy karibu na Fethiye, nchini Uturuki, kimebaki kundi la nyumba za mawe zisizo na mapaa. Mgawanyo wa India na Pakistan mwaka 1947 uliziacha familia nyingi za Punjab zikiwa na kijiji cha mababu ng'ambo ya mpaka ambao mtu hauvuki kwa gari lake kama apendavyo. Kwao safari huanza na viza kabla ya barabara. Na pengine mahali penyewe pamo chini ya maji, kwa maana Ziwa Volta nchini Ghana, lililotokana na bwawa la Akosombo lililokamilika mwaka 1965, lilizamisha mamia ya vijiji na kuwahamisha watu wapatao 80,000.

Andika orodha ya majina yote ambayo mahali hapo pamewahi kuitwa, kwa maandishi ya lugha husika pia kama si ya Kilatini, kwa kuwa utaihitaji utakapomwonyesha mtu karatasi ukiwa njia panda. Kisha linganisha ramani ya zamani na picha ya setilaiti. Maktaba ya Taifa ya Scotland imeweka mtandaoni ramani za zamani za Uingereza zinazoweza kuwekwa juu ya picha za leo, na nchi nyingine kadhaa zina huduma kama hiyo. Angalia pia tahadhari za usalama zinazotolewa na wizara yako ya mambo ya nje, kwa sababu bima nyingi za safari hazilipi chochote ukienda mahali ambapo serikali yako imeshauri watu wasiende.

Hatua ya 4: Pasipoti, uraia na leseni

Katika safari hii uraia unaweza kuwa na uzito usioutarajia. Nchi nyingi hurithisha uraia kwa damu, na mjukuu anayejiona mgeni anaweza kuhesabiwa kuwa raia mara anapovuka mpaka. Korea Kusini, Ugiriki na Uturuki zina huduma ya lazima ya jeshi kwa wanaume walio raia wake. Kijana mwenye mzazi kutoka nchi kama hizo apate maelezo ya ubalozi kwa maandishi kabla ya kununua tiketi. Mzazi anayesafiri na watoto bila mwenzake abebe vyeti vya kuzaliwa na barua ya idhini ya mzazi wa pili, kwa kuwa maafisa wa mipaka wana haki ya kuuliza.

Kuhusu udereva, kibali cha kimataifa hutolewa na nchi iliyokupa leseni, na ni lazima ukipate kabla ya kuondoka. Ni tafsiri ya leseni yako, hakisimami peke yake. Kuna aina mbili zinazotumika zaidi: kile cha mkataba wa Geneva wa 1949 kuhusu usafiri wa barabarani, kinachodumu mwaka mmoja, na kile cha mkataba wa Vienna wa 1968, kinachoweza kudumu hadi miaka mitatu. Tofauti hiyo si ya karatasi tu, kwani Japani inakitambua kile cha 1949 pekee, na China Bara haikitambui hata kimoja.

Hatua ya 5: Chora njia yenye nafasi

Kosa linaloharibu safari nyingi za aina hii ni kutaka kuiona nchi nzima kwa kuwa "tumekwisha kufika." Chagua maeneo mawili, au matatu kwa wingi, yanayohusiana moja kwa moja na ukoo, na katika kila eneo panga vyumba katika mji mmoja mdogo kwa usiku kadhaa, mkitoka asubuhi na kurudi jioni. Mizigo ikibaki chumbani, gari huwa jepesi, wazee hupata kitanda walichokizoea, na ratiba ya kesho inaweza kubadilishwa bila kufuta malipo ya hoteli tatu.

Usikipangie kijiji chenyewe siku ya kwanza, mkiwa na uchovu na hamjaizoea barabara, wala siku ya mwisho. Kiweke mapema katikati ya safari, na siku inayofuata iache wazi kabisa, kwa sababu mkimpata mtu anayewafahamu atawaambia kuna mzee mwingine ambaye mtaonana naye kesho. Siku hiyo tupu ndiyo siku yenye thamani kubwa katika ratiba nzima, na ndiyo ambayo wapangaji wengi huifuta wakiona haina kazi.

Kwa maoni yangu, saa nne za kuendesha kwa siku zinatosha familia yenye mtoto mdogo au mzee. Mwongozo rasmi wa barabara wa Uingereza unashauri mapumziko ya angalau dakika 15 kwa kila saa mbili, nao unamfikiria dereva peke yake; mwenye magoti mabovu atataka zaidi. Makadirio ya simu hayajui barabara za vijijini vizuri. Katika nyanda za juu za Scotland, kwa mfano, barabara nyingi zina njia moja yenye sehemu za kupishana, na kilomita 40 zinaweza kuchukua saa nzima bila mtu yeyote kufanya uzembe. Pakua ramani za kutumia bila intaneti, na uwe na ramani ya karatasi ya eneo dogo, ambayo ina faida nyingine: wazee wa kijiji huisoma kwa kidole, wakati skrini ya simu huwakimbia.

Angalia pia kalenda ya ofisi. Katikati ya Agosti nchini Italia ofisi nyingi za manispaa huwa zimefungwa au zina mtu mmoja tu wa zamu, na huo ndio mwezi ambao familia nyingi zenye watoto wa shule huuchagua.

Hatua ya 6: Gari

Kodi gari dogo kadiri familia inavyoweza kuvumilia, kwa maana barabara za vijiji vya zamani zilitengenezwa kabla ya magari makubwa ya leo, na kugeuza gari refu kati ya kuta mbili za mawe hakumfundishi mtoto chochote kuhusu mababu zake. Kama hujui kuendesha gari lenye gia za mkono, agiza la otomatiki mapema, kwani katika sehemu nyingi za Ulaya huwa machache na ghali. Soma mkataba hasa mahali palipoandikwa yasiyolipwa na bima: mara nyingi ni magurudumu, vioo na sehemu ya chini ya gari, yaani vitu vile vile vinavyoumia kwenye barabara ya changarawe. Uliza kwa maandishi kama mnaruhusiwa kuvuka mpaka. Piga picha gari lote mkilipokea na mkilirudisha, na hakikisheni spea na jeki vimo.

Viti vya watoto vina sheria zake: Uingereza huvidai hadi umri wa miaka 12 au urefu wa sentimita 135, Ujerumani hadi miaka 12 au sentimita 150. Katika Umoja wa Ulaya namba ya dharura ni 112. Mkienda mahali ambapo magari hupita upande usiouzoea, anza na siku moja ya barabara tulivu, na mtu wa kiti cha mbele awe na kazi ya kusema upande kila mnapotoka kwenye kituo cha mafuta, kwa kuwa dereva hujisahau zaidi akianza safari upya kuliko akiwa katikati ya mwendo.

Hatua ya 7: Tangulizeni barua

Miezi miwili kabla, andika barua fupi kwa manispaa, parokia, msikiti, chama cha historia cha eneo au mwalimu mkuu wa shule, kwa lugha yao, na uombe mtu anayeijua lugha hiyo aipitie. Maneno yafuatayo yanatosha:

"Sisi ni wajukuu wa fulani, aliyeondoka kijijini kwenu kati ya mwaka huu na mwaka huu. Tutakuwa katika eneo lenu tarehe hizi. Tungefurahi kuona mahali alipoishi na kuzungumza na mtu yeyote anayeikumbuka familia hiyo. Hatuna dai lolote la ardhi wala mali."

Ambatanisha ukurasa mmoja tu wa nasaba, wenye picha mbili na majina ya waliobaki. Nasaba ya kurasa ishirini haisomwi na mtu. Kama hakuna jibu, nendeni hata hivyo. Barua nyingi husomwa na kujadiliwa, kisha wenyeji husubiri kuwaona ninyi wenyewe.

Hatua ya 8: Watoto na wazee ndani ya gari

Mtoto akiambiwa atazame kijiji cha babu wa babu yake, hutazama kwa dakika tatu. Akipewa kazi, hushughulika siku nzima. Mmoja ashike ramani, mwingine aandike daftari la safari, mwingine apewe picha ya zamani na atafute mahali ilipopigwa. Katika kazi hiyo ya picha kuna mbinu inayofanya kazi vizuri: puuza majengo na fuata mstari wa vilima nyuma yake, kwa sababu nyumba hubomolewa na miti hukatwa lakini umbo la upeo wa milima hubaki. Mkiupata mstari huo, sogeeni kushoto na kulia mpaka vilele vikae kama vilivyo kwenye picha, nanyi mtakuwa mmesimama karibu na pale aliposimama mpiga picha.

Kwa mzee aliyezaliwa huko, tahadhari ni nyingine. Mruhusu akae mbele, dawa zake ziwe naye wala si kwenye buti, na mtafute choo kabla ya kukihitaji. Mwonyeshe picha za sasa za mahali hapo kabla ya safari, ili mshtuko wa mabadiliko umpate akiwa kwenye kiti chake. Mkifika, msimsukume azungumze. Na akisema anataka kurudi hotelini, rudini bila mjadala.

Hatua ya 9: Kugonga mlango

Hii ndiyo hatua inayohitaji busara kuliko zote. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe: gari la watu wasiojulikana likipita mara mbili polepole mbele ya nyumba, kijiji kizima kimeshaliona na kimeshaanza kukisia sababu. Na sababu inayokisiwa kwanza, hasa mahali ambapo watu walifukuzwa, mipaka ilihamishwa au mashamba yaligawiwa upya, ni kwamba mmekuja kudai mali. Anayeishi katika nyumba ya babu yako huenda mwenyewe ni mtoto wa mkimbizi aliyepoteza nyumba kwingine, na hofu yake si ya kudharauliwa.

Kwa hiyo msiende moja kwa moja nyumbani kwa mtu. Anzeni mahali pa watu wote: duka, mgahawa, ofisi ya kijiji, nyumba ya ibada baada ya ibada. Nunueni kitu, salimieni kwa lugha ya hapo hata kama mmejifunza maneno matano tu, kisha mweleze mtu mmoja, kwa sentensi mbili, ninyi ni nani na mnatafuta nini. Mara nyingi atainuka yeye mwenyewe kuwapeleka, na mgeni anayeletwa na jirani hupokelewa tofauti kabisa na mgeni anayejileta.

Mlangoni waende watu wawili, ikiwezekana mzee na kijana, wengine wakibaki garini. Sentensi ya kwanza iseme jina la familia. Ya pili iseme kwamba hamdai chochote. Ya tatu iombe kitu kidogo, kama kusimama uani kwa dakika chache. Msiingize mikono mfukoni kutoa simu. Picha za nyumba ya mtu hupigwa kwa ruhusa, na za watoto wake hazipigwi mpaka wazazi wenyewe waziombe. Mkikataliwa, shukuruni na muondoke. Pigeni picha kutoka barabarani ya bonde au ya barabara yenyewe. Mkikaribishwa, kaeni. Ratiba ya mchana huo imekwisha, na ndiyo maana ya kuacha nafasi.

Katika mazungumzo, sikilizeni zaidi ya kusimulia. Waliobaki wana hadithi yao kuhusu walioondoka, na si lazima iwe ya kuwasifu. Pengine barua ziliacha kuja, au mtu mmoja aliachiwa kuwalea wazazi wote. Msiitetee familia yenu. Andikeni.

Hatua ya 10: Makaburi

Nendeni asubuhi au jioni, jua likiwa chini, kwa sababu mwanga wa ubavuni huonyesha maandishi yaliyolika. Msisugue jiwe kwa brashi ya waya wala kulipaka chaki au dawa. Maji safi na kioo cha kuakisi mwanga vinatosha. Pigeni picha jiwe lote, kisha majirani zake, kwa kuwa koo huzikana pamoja. Msipolikuta kaburi, hilo halimaanishi mmekosea kijiji: nchini Ujerumani kaburi hukodishwa kwa muda, kwa kawaida miaka 20 hadi 30, na muda huo usipoongezwa, jiwe huondolewa. Kwa hali hiyo ofisi ya makaburi au parokia inaweza kuwa na daftari linaloonyesha nani alilala wapi.

Hatua ya 11: Fedha na ndugu wapya

Kubalianeni kabla ya kuondoka ni nani atakayejibu maombi ya fedha, na kiasi gani familia inaweza kutoa kwa pamoja bila manung'uniko. Mtu mmoja akitoa kwa siri na mwingine akatoa hadharani, mnawaachia wenyeji ugomvi. Zawadi inayopokelewa vizuri karibu popote ni nakala za picha za zamani zilizochapishwa vizuri, hasa zile ambazo ndugu waliobaki hawajawahi kuziona. Msiahidi viza, ada ya shule wala ujenzi wa kitu chochote kutokana na furaha ya siku moja. Semeni mtaandika, kisha mwandike.

Kipimo cha vinasaba kisipendekezwe mezani. Majibu yake yanaweza kumgusa mtu ambaye hakuulizwa, na uamuzi huo ni wa kila mmoja kwa wakati wake.

Hatua ya 12: Kila jioni, na wiki ya kwanza baada ya kurudi

Kila jioni, kabla ya kulala, mtu mmoja aandike majina ya waliokutana nao, uhusiano wao, na nani alisema nini. Kufikia siku ya nne, nyuso na majina huchanganyika. Picha zipewe majina ya faili yenye tarehe, kijiji na mtu, na nakala ziwekwe mahali pawili tofauti kabla ya kurudisha gari.

Mkifika nyumbani, tumeni picha kwa kila aliyewapokea ndani ya wiki hiyo, na kwa asiyetumia simu zichapisheni na kuzituma kwa posta. Sahihisheni nasaba kwa wino wa rangi nyingine ili ionekane kipi kilijulikana kabla na kipi kimepatikana njiani, mkiandika chanzo kando ya kila jina. Mwisho, mpelekeeni yule mzee aliyechora ramani nakala ya picha za mahali penyewe, na muwashe tena kinasa sauti kabla hajaanza kuzitazama.